Marehemu Ameridhika na Huduma

Asubuhi ya Jumatatu Mama Funguo alifagia unga wa shaba chini ya mashine yake ya kuchongea funguo, akaifunika mashine kwa kitambaa, akafunga kibanda na kuvuka barabara kwenda duka la mtandao. Mumewe alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kavaa lile shati jeupe walilomvalisha siku ya mazishi, anagonga visigino ukutani taratibu ili udongo udondoke kabla hajaingia kwenye duka la watu.

"Umechelewa, mama watoto," alisema.

"Nilikuwa na mteja. Ufunguo umemkatikia ndani ya kitasa."

"Ukakitoa kipande kwa kutumia nini?"

"Kwa kile kiwembe cha msumeno."

"Hapo sawa," akasema mumewe, na uso ukamlegea kwa kuridhika, maana kiwembe hicho alikitengeneza kwa mikono yake alipokuwa hai.

Alifariki mwaka uliopita, mvua za kwanza zikianza, kwa ugonjwa wa kifua ambao haukumpa nafasi ya kuaga mtu. Mazishi yalijaa, soko zima lilifunga. Watu walilia, wakala, wakatawanyika, na Mama Funguo akaenda kuomba cheti cha kifo kama anavyokwenda mfiwa yeyote. Huko alikuta dirisha la vyeti vya kifo limezibwa kwa mbao, na juu ya mbao kuna bango lenye picha ya familia inayocheka mbele ya kompyuta. Huduma zote zimehamia mtandaoni, lilisema bango. Okoa muda wako.

Sasa, waliotengeneza huo Mfumo wa mtandaoni walikuwa na haraka. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa na mgeni rasmi ameshaalikwa, kwa hiyo ukurasa wa kifo waliunakili kutoka ukurasa wa ndoa, wakabadilisha maneno waliyoyaona. Wasiyoyaona yalibaki. Ukurasa ulimtaka mhusika afike mwenyewe. Ulimtaka athibitishe kwa dole gumba. Ulimuuliza kama anaingia katika kifo hiki kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu, na kama kuna kifo kingine alichowahi kuingia ambacho hakijavunjwa kisheria.

Basi Mama Funguo alipoomba cheti, Mfumo ulituma ujumbe kwenye simu ya marehemu, iliyokuwa imelala kabatini haina chaji, kwamba anahitajika. Bwana yule tangu ujana wake hakuwahi kupuuza wito wa serikali. Kesho yake ofisi zinapofunguliwa alikuwa mlangoni kwa mkewe, kofia mkononi, anauliza kitambulisho chake kiliwekwa wapi.

Tangu hapo alikuja kila alipoitwa. Alikuja saa za kazi tu, kwa kuwa mashine ya dole gumba haifanyi kazi nje ya saa za kazi, na jioni ilimpasa awahi kurudi, kwa kuwa mlinzi wa makaburi hufunga geti saa kumi na mbili na hana mchezo na mtu. Siku moja alichelewa, akakesha nje ya ukuta kama mlevi aliyefungiwa mlango na mkewe. Jambo hilo lilimuuma kuliko kufa kwenyewe.

Hakuwa peke yake. Kila nyumba iliyofiwa ilikuwa na mtu wake anayeitwa, na asubuhi benchi lilijaa: kulikuwa na nesi mstaafu, dereva wa lori, na bibi mmoja aliyekuwa mkali maisha yake yote na sasa amepoa. Walio hai walipanga foleni upande wa jua, wakawaachia wafu upande wa kivuli. Malalamiko yalikuwa madogo tu. Dada wa kompyuta, mwenye duka, alisema udongo unamwingilia kwenye kibodi.

"Haya, baba, tuanze," alisema dada huyo zamu yao ilipofika, akaipangusa mashine kwa pamba.

Mume alijibu maswali kwanza. Kwenye lile la hiari, siku za mwanzo alitaka kujibu hapana, kwa kuwa ndiyo kweli yenyewe. Lakini ukijibu hapana, Mfumo unafuta ombi lote na kukupa namba ya kupiga kama wazazi wako wanakulazimisha. Kwa hiyo alijibu ndiyo, kafa kwa hiari. Kisha akaweka dole gumba. Mashine ikawaka taa ya kijani. Skrini ikasema alama zimetambuliwa, mhusika yuko hai, kwa hiyo ombi la kifo limekataliwa. Chini yake zikatokea nyota za kukadiria huduma.

"Niweke ngapi?" akauliza dada.

"Weka zote," akasema mume. "Aliyetengeneza naye ana mama yake."

Mama Funguo akamtazama, akauma mdomo. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi.

Wangeweza kuendelea hivyo, wanaitwa na kukataliwa, kama isingekuwa kibanda. Kibali cha kibanda kilikuwa kwa jina la mume, na msimamizi wa soko, ambaye wote walimwita Bwana Soko, alikuwa amempa Mama Funguo mpaka mwisho wa mwezi. Alete cheti cha kifo, kibali kiandikwe jina lake. Asipoleta, mlango unatiwa mnyororo. Bwana Soko hakuwa mtu mbaya. Alilia msibani mpaka akashikiliwa.

"Mama, nilimzika kwa mikono yangu hii," alimwambia, akiionyesha. "Lakini kikazi bado sijamzika."

Kibanda chenyewe kilikuwa kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ndani mlikuwa na mashine, jiriwa ya kubania funguo, stuli moja, na ukuta mzima wa funguo mbichi ambazo bado hazijajua zitafungua nini. Hapo ndipo Mama Funguo alipojifunza kazi, akimshikia mumewe taa, na hapo ndipo watoto wao walipokulia mpaka wakawa watu wazima wa mbali wanaopiga simu na kusema, "Mama, si uingie tu mtandaoni." Hakuwa na kibanda kingine wala kazi nyingine. Mnyororo ukipita mlangoni, yeye amekwisha.

Na mume naye alikuwa amechoka. Kazi ya mfu ni kulala, na yeye kila alipokuwa anaanza kuzama, wito ulifika. Macho yalikuwa mekundu. Siku nyingine alisinzia kwenye benchi, kichwa begani kwa yule nesi, na Mama Funguo hakuona wivu, aliona huruma.

Mtafiti alifika kibandani wiki hiyohiyo. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, raba mpya na beji kifuani, katumwa na Mamlaka inayouendesha Mfumo ili aelewe mitazamo ya wananchi kuhusu huduma za serikali mtandaoni. Alieleza kwa upole, amesimama kwenye vumbi la shaba, kwamba utafiti wao si ule wa kuhesabu vichwa. Wao wanasikiliza. Wanataka kujua mtu anajisikiaje ndani kabisa, na kwa nini.

Mama Funguo aliposikia hivyo akaifuta stuli kwa upindo wa nguo yake.

"Mwanangu, umefika penyewe. Kaa nikueleze."

Lakini mtafiti hakuwa akimtafuta yeye. Wahojiwa walikuwa wameshateuliwa na Mfumo wenyewe, nao ulichagua watu wanaoutumia mara nyingi kuliko wengine. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la mumewe.

"Yupo?"

"Yupo makaburini. Kesho anakuja, ameitwa."

Mtafiti akaandika kwamba mhojiwa anapatikana kesho. Akaongeza kwamba makazi yake ni ya pembezoni.

Asubuhi iliyofuata Mama Funguo alimdaka mumewe kabla hajafika kwenye benchi, akamweka kitako. Alimwambia leo ndiyo leo. Serikali imemtuma mtu wa kusikiliza, na mtu huyo kamchagua yeye. Aseme yote. Aseme lile swali la hiari, aseme dole gumba, aseme geti, na zaidi ya yote aseme kibanda. Mume alikubali kila neno kwa kichwa. Alikubali vizuri hivyohivyo enzi za uhai wake, kila alipotumwa kwenda kugombana na mtu.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule iliyokuwa likizoni. Viti vilipangwa duara, kukawa na maji ya chupa na biskuti ambazo hakuna aliyezigusa, kwa kuwa washiriki wote walikuwa wamekufa. Haikuwa hila ya mtu. Aliye hai hujaribu Mfumo mara moja, anatukana, anaacha. Aliyekufa huitwa mpaka anazoea. Ukitafuta wanaoutumia sana, ni hao utakaowapata. Mama Funguo alipewa kiti cha nyuma kama msindikizaji, akaombwa asiseme kitu asije akaathiri matokeo.

Mtafiti akawasha kinasa sauti. Aliwaambia hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi, na kwamba majina yao yatafichwa. Dereva wa lori akasema lake limechongwa kwenye jiwe, lakini si kitu, wafiche tu.

Akawauliza wanauonaje muda wa kusubiri. Wakatazamana. Nesi akasema, kwa niaba ya wote, kwamba muda si tatizo. Akawauliza kama wana hofu na usalama wa taarifa zao. Bibi akajibu kwamba zamani alikuwa na siri zake, lakini wote aliokuwa akiwaficha sasa wamelala jirani naye na wameshaelezana. Akawauliza kama wangependa kurudi kwenye foleni za ofisini. Dereva akasema zile foleni zilimmaliza miguu, na sasa miguu haimuumi hata kidogo. Kila walipojibu, mtafiti alibandika kikaratasi ubaoni: kijani kwa kuridhika, njano kwa imani, waridi kwa changamoto. Baada ya muda ubao ulikuwa kijani kama shamba lililopata mvua. Kikaratasi cha waridi kilikuwa kimoja tu. Nesi alikuwa amesema benchi ni la baridi.

Mwishowe akamgeukia mume. Aliweka kalamu chini, akaegemea mbele, akamtazama machoni kama alivyofundishwa.

"Na wewe, baba," akasema. "Wewe unajisikiaje?"

Mume akafungua mdomo. Kule nyuma Mama Funguo alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Mume aliikunja kofia magotini, na macho yake yakawa na maji.

"Tunashukuru," akasema.

Kikaratasi cha kijani kikapanda ubaoni.

Mama Funguo na mumewe walitembea mpaka kwenye kivuko cha barabara, wakasubiri lori lipite.

"Tunashukuru," akasema Mama Funguo hapo. "Wewe na nani?"

"Aliniuliza vizuri, mama watoto."

"Sasa ndiyo umjibu hivyo?"

"Tangu nife hakuna aliyeniuliza ninajisikiaje." Alikuwa anatazama lori. "Hata wewe. Wewe huniuliza kitambulisho kiko wapi."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Lori lilipita na vumbi lake, na jingine nyuma yake. Mama Funguo akaupeleka mkono kwenye bega la mumewe, akalikung'uta udongo, ingawa ulikuwa haujazidi wa siku zote.

"Haya," akasema. "Unajisikiaje?"

"Nina usingizi," akajibu mumewe.

Wakavuka.

Mtafiti hakuridhika na kikao kimoja. Alisema mzee yule ana utajiri ndani yake, na njia yao ya kazi inataka umfuate mtu mpaka kwenye mazingira yake, umhoji kwa kina. Hivyo siku chache baadaye aliketi kwenye stuli ya kibandani, kinasa sauti juu ya jiriwa, na mume akasimama penye mashine, mahali alipokuwa akisimama siku zote. Safari hii alikuwa amejikaza. Hata kofia alikuwa ameivaa.

Mtafiti akamwomba aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, uhusiano wake na Mfumo.

Ijulikane kwamba bwana huyu enzi zake hakuwahi kuchonga ufunguo kimyakimya. Mteja akisubiri, yeye alitega kitendawili, na mteja akishindwa alidaiwa mji, na mpaka anakufa alikuwa amejikusanyia karibu miji yote ya nchi pamoja na michache ya jirani. Maneno ya kulalamika hakuwa nayo. Ya namna hii alikuwa nayo tele.

"Kitendawili," akasema.

Mtafiti akatazama mwongozo wake wa maswali, akageuza ukurasa, akarudisha.

"Unamwambia 'tega,'" akasema Mama Funguo.

"Tega," akasema mtafiti.

"Nisipokwenda naitwa, nikienda naambiwa si mimi."

Mtafiti alifikiri kwa bidii. Akasema ni neno la siri. Sivyo. Akasema ni mtandao wa simu. Sivyo.

"Basi nipe mji."

Mtafiti akaeleza, kwa heshima zote, kwamba yeye hana mamlaka ya kutoa miji, wapo wakubwa juu yake.

"Nipe huu tuliomo. Si lazima uwe mkubwa."

Huu nao, alisema mtafiti, sasa ulikuwa umeshaingizwa kwenye Mfumo.

"Chukua jibu bure, mwanangu," akasema mume. "Ni mimi. Ni mtu aliyekufa."

Mtafiti akaandika kwamba mhojiwa ni mcheshi na amejenga ukaribu wa pekee na huduma. Mama Funguo, aliyekuwa kasimama nyuma yake, aliona kalamu inavyokwenda. Akaweka tupa chini.

Hakupaza sauti. Alianzia siku alipokuta dirisha limezibwa mbao, akasimulia mpaka hapo walipo. "Sijawahi kuona mfumo kama huu, mwanangu," alisema, "unamtaka maiti aape kwamba amekufa, na akiapa unamwita mwongo." Akamwonyesha mlango na mahali mnyororo utakapopita. Akamwonyesha mumewe, ambaye alikuwa ameegemea mashine na kope zinamshuka. "Huyu ana usingizi. Nataka karatasi moja tu inayosema amekufa, nifunge mlango wake nifungue wangu. Basi. Mengine yote wakae nayo."

Mtafiti alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Machozi yalimlenga, akavua miwani kuyafuta. Alikuwa binti mwenye moyo, hilo Mama Funguo hakulikana hata baadaye. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa kunishirikisha, mama. Simulizi yako ina nguvu sana."

"Na cheti?"

"Cheti kiko nje ya mipaka ya utafiti wetu."

"Ndani ya mipaka kuna nini?"

Mtafiti alifikiri, na alijibu kwa unyofu wote alionao.

"Mitazamo," akasema.

Aliwaachia kalamu yenye nembo ya Mamlaka, pamoja na zile biskuti za darasani.

Ripoti ilitolewa hadharani katika ukumbi wenye zulia. Wahojiwa wote walialikwa, wakawekwa safu za mbele, na harufu ya udongo mbichi ikatangulia hotuba. Mkurugenzi wa Mamlaka alisema amesoma kila ukurasa na kwamba leo serikali imesikia sauti za watu wake. Akayasoma matokeo. Kadiri mtu anavyotumia Mfumo, ndivyo anavyotulia. Watumiaji wa mara kwa mara hawalalamikii muda, hawana hofu juu ya taarifa zao, wala hawataki kurudi kwenye foleni. Wanaolalamika ni wale ambao hawajafika walikofika wenzao, na hao nao, alisema Mkurugenzi huku akitabasamu, watafika tu.

Mapendekezo yalikuwa mawili. Mabenchi yote yawekwe mito. Na kwa kuwa wananchi wameridhika, lile dirisha la mwisho lililobaki na mtu ndani yake, la vyeti vya kuzaliwa, nalo lifungwe, na ukurasa wake uandaliwe upesi kwa kunakili ule wa kifo.

Watu wakapiga makofi. Wafu nao wakapiga, taratibu, udongo ukidondoka zuliani.

Juu ya jalada palikuwa na picha ya mume katika shati lake jeupe, na chini yake, kwa herufi kubwa, maneno ya msindikizaji ambaye jina lake limefichwa: "Sijawahi kuona mfumo kama huu." Hapo palikuwa na nukta. Mama Funguo aligeuza ripoti aone kama maneno yaliyobaki yamewekwa nyuma. Nyuma kulikuwa na nembo.

Mtafiti aliwapokea mlangoni wakitoka. Akamkumbatia Mama Funguo kama mama yake mzazi, akauliza kama wameipenda. Mume akamtazama mkewe kwanza. Kisha akasema picha imetoka vizuri.

Siku ya mwisho ya mwezi Bwana Soko alikuja na mnyororo begani na kishikwambi kipya kifuani, ambacho Mamlaka iligawia masoko yote. Alisalimia, akauliza hali ya watoto, akaingiza namba ya kibanda. Akasoma huku midomo inacheza.

"Mama, hapa wanasema mwenye kibanda yuko hai. Tena ni mtumiaji wa mfano."

"Wewe ulibeba jeneza lake."

"Nililibeba, kwa bega hili." Akalisugua, kana kwamba lilikuwa bado na uzito wake. "Kwa hiyo la cheti tuliache, maana hakuna aliyekufa. Lakini limekuja jingine. Kama yuko hai, mbona hayupo kibandani? Sheria ya soko inamtaka mwenye kibali awepo saa zote za kazi, toka kufungua mpaka kufunga. Asipokuwepo natia mnyororo. Akiwepo, mimi sina neno, nitapita nimsalimie."

Mama Funguo alisimama akiutazama mnyororo. Ulikuwa mpya, unang'aa, na kufuli lake lilikuwa la aina ambayo angeweza kulifungua huku akiongea na simu, lakini si hilo lililokuwa tatizo. Akamwomba Bwana Soko asubiri kidogo. Akavuka barabara, akaketi mbele ya dada wa kompyuta, akawasilisha ombi jingine la cheti cha kifo, ili mumewe aitwe.

Alifika mbio, anahema, kofia mkononi.

"Mzee, upo?" akauliza Bwana Soko.

"Nipo," akasema mume.

Bwana Soko akaweka alama kwenye kishikwambi, akaondoka na mnyororo wake.

Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Kila asubuhi, kabla hajafunua mashine, Mama Funguo anavuka barabara na kuomba cheti cha kifo, na mumewe anakuja kazini. Anaketi kwenye stuli, anawatega wateja vitendawili, wanampa miji. Mchana usingizi unamzidi, anasinzia kaegemea ukuta wa funguo, na wateja wanaokuja hapo wanashusha sauti. Bwana Soko akipita, Mama Funguo anamgusa mumewe goti. "Nipo," anasema mume, bila kufungua macho. Mkewe kila siku humuuliza anajisikiaje, na jibu halijabadilika. Mamlaka nayo imetoa taarifa kwamba matumizi ya huduma yanapanda kwa kasi.

Kulibaki tatizo moja. Soko linafungwa saa kumi na mbili, na geti la makaburi linafungwa saa hiyohiyo, na mwenye kibanda haruhusiwi kuondoka kabla ya kufunga. Jioni za kwanza mume alilala nje ya ukuta, akaja kazini na umande shatini. Mama Funguo akamuuliza ni kufuli la namna gani. Akasema ni la shaba, kongwe, zito, mlinzi anatembea na ufunguo kiunoni na huwa anasinzia nje ya geti baada ya chakula cha usiku. Siku ya pili yake akaja na kipande cha sabuni chenye alama ya ufunguo huo pande zote mbili, kikiwa kimefungwa vizuri kwenye leso.

Mama Funguo akatafuta ukutani ufunguo mbichi unaofanana nao, akaubana, akauchonga, na mumewe akautia kwenye mfuko wa shati.

"Ufunguo ulifungua?" alimuuliza kesho yake.

"Ulifungua. Ila unagoma kidogo mwishoni, mpaka uutikise."

"Lete."

Akaubana kwenye jiriwa, akalipiga tupa jino la mwisho, kidogo tu, akaupuliza vumbi, akamrudishia. Kisha akachukua ufunguo mwingine mbichi, akachonga wa pili unaofanana na ule, akautundika kwenye msumari nyuma ya mashine, akaufungia uzi mwekundu asije akauuza kwa bahati mbaya. Huo ulikuwa wake yeye mwenyewe, wa siku naye atakapoanza kuitwa.